Nakoroga Nimesimama

Naguru, Jumatano mchana

Baba Acayo mpenzi,

Salamu kutoka hapa kambini kwetu, wake wa askari. Nakuandikia nimesimama kando ya sigiri, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Ile sosi ya chokoleti uliyoonja huko Somalia nimeijaribu. Mara ya kwanza nilimwaga kakao kwenye maziwa ya moto, ikafanya madonge kama udongo. Sasa naichanganya kwanza na sukari na maji baridi kidogo, ndipo natia maziwa, na lazima nikoroge tu, maana chini inaungua upesi. Acayo amelamba mwiko, anasema Jumamosi ukifika utamaliza sufuria nzima.

Simu yako haipatikani tangu Jumapili. Najua, ni mtandao.

Lakini leo jirani yetu Abwola ameingia bila hodi, akaanza kunioshea vyombo. Wanawake wenzake wa kambini wakamfuata na kigoda. "Mama Acayo, nipe mwiko," akasema. "Wewe kaa kidogo."

Unajua desturi ya hapa. Mwanamke haambiwi habari ya mumewe mpaka akalishwe kwanza. Aol wa mlango wa pili, ambaye sasa ni mjane, tulimkalisha hivyohivyo, mimi nikamshika mkono.

Nimewaambia sosi ikiachwa itaungua. Wananisogezea kigoda. Gari la ofisi yenu limesimama nje. Sosi imeshaiva zamani, ila kila ikiwa nzito naongeza maziwa, na maziwa yanakaribia kuisha.

Piga simu, baba. Siketi mpaka upige.

Mkeo,
Mama Acayo