Nimembakiza baba mkwe kwenye miaka hamsini na tisa

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie na ikiwezekana unijibu upesi, maana nimebakiwa na siku hadi Ijumaa ya wiki ijayo tu, na tangu wiki iliyopita sili vizuri, wenzangu kazini wananiuliza kama naumwa nawaambia ni jino, kumbe si jino wala nini, ni uongo niliouandika kwa mkono wangu mwenyewe na sasa umemkalia mtu asiye na kosa.

Mimi ni karani wa takwimu katika kituo cha utafiti wa kilimo. Kila baada ya miaka mitatu tunaletewa fomu na watu wanaofuatilia utafiti wa kilimo katika nchi zetu hizi zinazoendelea, wanataka kujua kila nchi ina nguvu kiasi gani, yaani watafiti ni wangapi, wamesoma hadi wapi, wako rika gani, wanashughulikia zao gani, na kila mmoja anatoa sehemu gani ya muda wake kwa utafiti wenyewe. Anayefundisha chuoni nusu ya wiki anahesabiwa nusu mtu, na tunaye bwana mmoja wa mikutano ambaye mwaka fulani alitoka robo, hadi leo wenzake wanamwita Bwana Robo na yeye anaitika. Fomu naijaza mimi, mkurugenzi anatia sahihi ukurasa wa mwisho bila kufungua ya katikati, kisha inakwenda kwa wenyewe, wanaitia pamoja na za nchi nyingine na kutoa taarifa ya kulinganisha.

Sasa sikiliza. Baba yake mume wangu ndiye aliyekuwa mtafiti wetu wa mtama, mwenye shahada ya uzamivu, na alikuwa peke yake. Maisha yake yote amekuwa akitafuta mtama unaoweza kusimama mbele ya kiduha, lile gugu lenye maua mazuri linalonyonya mizizi ya mtama chini kwa chini hadi mkulima anavuna mabua. Yeye ndiye aliyeniambia nafasi ya karani imetangazwa, na ndiye aliyenifundisha kusoma jedwali wakati hata sijaolewa na mwanawe. Mara ya kwanza naijaza ile fomu alikuwa na miaka hamsini na tisa, nikaandika hamsini na tisa. Mwaka uliofuata akastaafu, tukamfanyia sherehe, akapewa saa ya ukutani, na Jumatatu yake asubuhi akaja kazini kama kawaida akafungua chumba cha mbegu, kwa sababu ufunguo hakuna aliyethubutu kumwomba. Mpaka leo anakuja.

Fomu ya pili ilipofika nilinakili ile ya zamani, nikabadilisha waliohama na waliofariki, yeye nikamsahau palepale, hamsini na tisa, mwajiriwa, mtu mzima mmoja wa mtama. Naapa lile lilikuwa kosa tu. Ila fomu ya tatu nilijua. Maelezo yanasema wazi kwamba aliyestaafu hahesabiwi isipokuwa ana mkataba, naye hana. Nilimwona dirishani, ameinama kwenye trei anachambua mbegu, miwani imefungwa kwa uzi, nikasema moyoni, huyu kama si mtafiti basi mtafiti ni nani? Nikamwacha. Fomu ya nne nikamwacha tena, na hapo wala sikufikiri.

Mshauri, kuna mwanamke tunamwita Mama Vibao kwa kuwa vibao vyote vya mashamba ya majaribio anaviandika yeye, kwa rangi nyeupe na mwandiko kama wa kitabu. Ana miaka kumi na mmoja pale. Cheo chake ni fundi wa shamba, lakini shahada ya kwanza aliisomea jioni, baada ya kazi na watoto, na ukweli ambao kituo kizima kinaujua ni kwamba kazi ya mtama sasa anaifanya yeye. Asubuhi umande haujakauka utamkuta amekaa kigodani na kibano, anatoa sehemu za kiume za maua ya mtama, ua moja moja, ili apandishe mbegu hii na ile. Kwenye fomu yangu hayupo. Fundi si mtafiti, kwa hiyo hata robo hayupo.

Msimu uliopita mzee alipanda mistari ya kuhuisha mbegu za zamani, maana mbegu ikikaa sana inakufa, akabadilisha vibao viwili, mtama unaoshinda kiduha akaupa jina la ule unaoshindwa na ule unaoshindwa akaupa jina la mwenzake. Mama Vibao akaligundua, akalirekebisha, akaniambia mimi tu, na akanisihi nisimwambie mzee kwa kuwa ataumia. Na kuna bahasha za mbegu za zamani ambazo alama zake ziko kwenye daftari la mzee peke yake, kwa vifupisho alivyovibuni mwenyewe ujanani, na siku hizi anakaa navyo muda mrefu kabla hajakumbuka.

Mwaka huu wizara ikatoa nafasi za kwenda kusomea uzamili na uzamivu. Mama Vibao akaomba. Ana miaka arobaini na minne na mwisho ni arobaini na mitano, kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho kwake. Wiki iliyopita akajibiwa kwamba kwa mujibu wa taarifa ya kulinganisha nchi, zao la mtama tayari lina mtafiti wa uzamivu, nafasi zimepelekwa kwenye mazao yasiyo na mtu, na kama ana pingamizi alete kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, ambayo ndiyo siku ya kupeleka fomu yangu mpya pia. Akaja na ile barua ofisini kwangu, akaketi, wala hakuwa na hasira, akaniambia, "Dada, wewe ndiye mtu wa takwimu. Hebu nisaidie kuelewa, huyu mtafiti wa mtama ni nani?"

Nikamwambia nitaangalia. Akanishukuru! Mshauri, alinishukuru akaondoka.

Siku hiyo nilimweleza mume wangu kila kitu. Yeye si mtu wa maneno mengi, akaniambia baba yake akikosa pa kwenda asubuhi hamalizi mwaka, na akaongeza, "Ukimfuta pale umemzika angali hai, na mkono utakaomwaga udongo ni wa mke wangu." Tangu hapo tunazungumza habari za gesi na sare za shule tu. Mkurugenzi nilimgusia kwa mbali, akasema tusiguse namba nzuri. Nami naogopa kufukuzwa kazi, siwezi kukuficha.

Mambo haya nilitaka kuyamaliza hapa ila kuna jambo dogo, sijui kama lina maana. Jumapili mzee alikuja kula kwetu kama kawaida yake. Nilikuwa nakunja nguo, yeye anafuta miwani kwa pindo la shati, akaniuliza, "Mkwe, kwenye ile fomu yako mwaka huu nina miaka mingapi?" Nikacheka, nikamwambia baba wewe huzeeki. Akaniangalia kidogo, kisha akaomba maji ya kunywa. Nikaenda kumletea.

Nifanye nini? Nikimtoa nimemuua mzee na pengine ndoa yangu, nikimwacha nimemnyima Mama Vibao maisha, na yeye ndiye anayemficha mzee aibu zake.

Ni mimi,
Mkwe Mwenye Fomu

*

Dada yangu Mkwe Mwenye Fomu,

Pole sana. Nakupa pole yote hapa mwanzoni, kwa sababu huko mbele sitakuwa nayo nyingi.

Kosa la kwanza nimekusamehe, kunakili karatasi ya zamani ni ugonjwa wa maofisi yote. Lakini ile siku uliyomtazama mzee dirishani ukajiuliza kama si mtafiti, hukuwa unahesabu tena, ulikuwa unampenda. Kumpenda ni sawa. Ungempenda kwa kumpelekea chai. Wewe ukampenda kwa kalamu ya serikali, kwa mgongo wa mwanamke aliyekaa kigodani na kibano chake, asiyejua kwamba kuna kiti chake ndani na umemkalisha mtu mwingine. Huruma gani hiyo, dada, ambayo mmoja anahurumiwa na mwingine ndiye anayeumia?

Unauliza kama fomu ni kitu kidogo? Hukuuliza, lakini nimekusikia. Watu wale wanahesabu watafiti wa nchi moja baada ya nyingine ili ijulikane pengo liko wapi, mahali gani pana zee moja tu limeshika ufunguo na nyuma yake hakuna mtu. Pengo lenu lilikuwa wazi. Kwa miaka tisa wewe ndiye uliyelifunika kwa majani, na sasa Mama Vibao ametumbukia. Ajabu nyingine ni hao wa wizarani, ambao hawakujiuliza mtu anawezaje kuwa na miaka hamsini na tisa katika fomu nne mfululizo. Lakini hao hawakuniandikia, umeniandikia wewe.

Mume wako namheshimu kwa kumwonea uchungu baba yake. Mwambie hivi lakini: hakuna aliyesema mzee asiende kazini. Kumtoa kwenye jedwali si kumnyang'anya ufunguo. Mzee hakuamka asubuhi miaka yote hii kwa sababu jina lake liko kwenye fomu yako, aliamka kwa ajili ya mbegu zake. Kitakachomuua ni siku atakapofungua ile bahasha, asikumbuke alama zake, ageuke nyuma na kukuta hakuna wa kumuuliza. Hilo ndilo la kuogopa, nalo limeshaanza. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa fanya ninavyokwambia, usiniongezee wala usinipunguzie.

Jumamosi asubuhi nendeni kwa mzee, wewe na mume wako, pamoja. Mume akikataa, nenda peke yako. Jumatatu jaza fomu kama mambo yalivyo: mtama, mtafiti wa uzamivu, hakuna. Penye nafasi ya maelezo andika kwamba fomu tatu zilizopita zilimhesabu mstaafu, na kwamba kosa ni lako. Usiandike "ilitokea hitilafu," hitilafu haina mikono. Mpelekee mkurugenzi, na kwa kuwa amezoea kutia sahihi bila kufungua, wewe mfungulie ukurasa wenyewe na uweke kidole hapo. Akisema tena habari za namba nzuri, mwambie aandike agizo hilo kwa maandishi. Hataandika. Nakala ya marekebisho ifike kwenye kamati ya masomo siku hiyohiyo, pamoja na pingamizi la Mama Vibao, ambalo utamsaidia kuliandika, kwa kuwa alikuomba msaada na ukamwambia utaangalia.

Kabla ya pingamizi, mwambie ukweli. Mfuate shambani kwake, usimwite ofisini. Swali lake lina jibu fupi. Na tafadhali usilie mbele yake, maana ukilia ataacha uchungu wake aanze kukubembeleza wewe, ndivyo alivyo, nimemjua kwa barua yako tu. Akinyamaza, akigeuka, asipokusalimu mwaka mzima, vumilia. Sikuahidi kwamba nafasi ataipata. Huenda wamekwisha kuigawa, na hapo utaishi na hilo.

Kuhusu kazi yako, barua ya onyo unaweza kuipata. Ipokee, uisome, uiweke kwenye faili. Mtu anayejisahihisha mwenyewe ni nadra kufukuzwa, anayefumaniwa ndiye anayefukuzwa.

Kisha lile daftari. Mwombe mzee akae na Mama Vibao kila asubuhi, yeye asome vifupisho vyake, mwenzake aandike kwa huo mwandiko mnaousifu, bahasha kwa bahasha, kabla kumbukumbu haijaisha. Kituo kikitaka kumpa mkataba wa ushauri, kimpe, ndipo umhesabu kwa haki yake, hata akiwa robo. Bwana Robo anaitika, na yeye ataitika.

Nimeliacha jambo lako dogo liwe la mwisho. Unasema hujui kama lina maana. Dada, mtu aliyekufundisha kusoma jedwali, akuulize ana miaka mingapi kwenye fomu? Mzee anajua. Taarifa zile zinachapishwa, naye anasoma, tena huenda anajua pia ni nani aliyemrekebishia vibao vyake. Alikuwa anatafuta namna ya kukutua mzigo, ukamchekea na kumpa maji.

Swali la mkweo bado halijajibiwa. Jumamosi, mkishasalimiana, keti karibu naye umjibu: "Baba, mwaka huu una miaka sabini na mmoja." Kisha mwachie yeye aseme linalofuata.