Shemeji Yangu Yuko Juu ya Jukwaa

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana siku hizi kitu chochote kikianguka, hata mfuniko wa sufuria jikoni kwangu, naruka. Mimi ndiye ninayeandikisha vibarua kwenye jengo la ghorofa linalopanda mtaani kwetu, nawapokea getini, nawauliza kazi walizofanya na maradhi waliyo nayo, nawatembeza juu ya ubao uliolazwa chini nione nani anayumba, na mwenye kifafa simpandishi juu, namtafutia kazi ya chini, hilo sijawahi kumpindishia mtu. Sasa juzi mwanangu aliugua nikashikiwa kazi na mwenzangu, niliporudi nikasikia sauti kutoka juu, "Shemeji! Na sisi tumo!" nikainua macho, kumbe ni mdogo wa mume wangu, ghorofa ya sita, amebeba karai la zege anacheka. Mshauri, yule kijana ana kifafa, mimi mwenyewe nimewahi kumlaza ubavu sebuleni povu likimtoka, lakini kwao wanakiita kizunguzungu, na mwenzangu alipomuuliza akajibu yeye ni mzima kama chuma.

Nilimwambia mume wangu, akasema, "Ukimtoa kazini, ujue umemkata mdogo wangu miguu." Mama mkwe akanishika mikono akilia, "Mwanangu, posa ndiyo kwanza imekubaliwa, ukimtangaza nani atamwoza binti yake?" Nikamwacha aendelee kupanda. Jana, watu wapya wamepanga foleni getini, nikamwona shemeji amesimama ukingoni mwa jukwaa la mafundi, ametumbua macho, midomo inatafunatafuna, nami najua hivyo ndivyo huwa inaanza, nikataka kupiga kelele nikaogopa nitamshtua. Karai likamponyoka, likatua karibu kabisa na foleni. Fundi mwenzake, tunamwita Twiga, akamdaka mkanda akacheka, "Bwana harusi, umeshaanza kuota?" Wote wakacheka. Alipozinduka akaniangalia mimi tu, akaweka kidole mdomoni. Leo amepanda tena, na haya nayaandika kwenye simu nikiwa hapa getini. Nilinde ndoa yangu au nimtoe?

Mwandikishaji mwenye hofu

Dada mwandikishaji, barua nyingine husubiri zamu, yako sikuthubutu kuiweka. Nilikupigia hapo hapo, na haya nayaandika ili wasome na wengine.

Nakuhurumia, tena sana. Mtu akibanwa na mume huku, mama mkwe kule, hata pumzi huwa ngumu. Lakini swali gani hilo uliloniuliza? Ndoa gani itasimama juu ya kaburi la shemeji yako? Wanaokuambia unyamaze wako nyumbani. Chini ya jukwaa kuna watu waliokuja kutafuta riziki, hawajui kinachoning'inia juu ya vichwa vyao. Unajua wewe. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kifafa si aibu wala laana, kina dawa, na wenye nacho wanaoa na kulea. Huyo binti aambiwe na mchumba wake mwenyewe, kabla ya harusi.

Nilikuambia usikate simu, umwendee msimamizi. Ukasema, "Naogopa." Nikakujibu, "Ogopa, lakini tembea." Nikasikia ukimweleza, maneno yanakatika, kisha yeye akipaza sauti kazi isimame na Twiga amshike kijana mkono, wateremke taratibu. Nami nilikaa nimeibana simu sikioni, nikisubiri kishindo. Kilichokuja ni sauti ya kijana, karibu yako kabisa: "Shemeji, umenimaliza." Ukaangua kilio.

Sasa sikiliza. Hukummaliza, wala usiombe radhi. Mwombe msimamizi amweke stoo, mbali na mashine. Kesho mpeleke hospitali wewe mwenyewe, usiwaachie wale wa kizunguzungu. Mwenzako mwambie amuulize kila mtu maradhi yake mara mbili, na ndugu zako mara tatu. Usiku huu mume wako atanuna, labda na maneno makali yatamtoka. Usibishane. Andaa meza, mpakulie, na shemeji yako mwite mpakulie pia. Akikataa kula kwa hasira, shukuru Mungu: yupo wa kukataa.