Miezi Sita ya Kutembea kwa Miguu

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba msaada, na nakuomba pia usinicheke, kwa sababu siku hizi hata nikinyoa ndevu najikwepa kwenye kioo. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya serikali, huu mwaka wa kumi na moja, na mwezi jana nimeteuliwa kuhamia masjala ya siri, ambako huingii bila kibali cha usalama, na kibali hakitoki bila kujaza fomu ndefu na kupekuliwa, yaani kuchunguzwa maisha yako yote, na kwenye fomu hiyo kuna swali kama umewahi kutiwa hatiani mahakamani, nami nikaandika HAPANA, kwa herufi kubwa.

Ukweli ni kwamba miaka mitatu iliyopita nilikuwa kikazi mji mwingine, tukamuaga bosi mmoja mchana kweupe, nikalewa, nikashika usukani, nikagonga ukuta wa zahanati. Mama mmoja aliyekuwa amekaa pale aliruka, akaangukia viganja, na mimi, mshauri, nilicheka. Alichubuka tu, lakini kicheko kile nakisikia mpaka leo. Mahakama ikanitoza faini na kunizuilia leseni miezi sita.

Nyumbani sikusema. Nilimwambia mke wangu kwamba nimeamua kupunguza tumbo, gari likalala, nikawa naenda kazini kwa miguu, na baba mkwe wangu tunayeishi naye, askari magereza mstaafu, mzee asiyejua kudanganya hata kwa adabu, akafurahi mno, akasema, "Mwanangu, usiende peke yako, hili goti langu nalo linataka kuchangamshwa," akawa ananisindikiza kila asubuhi mpaka njia panda, akichechemea, akinisifu. Sasa fomu ilitaka mtu wa kuithibitisha tabia yangu, nikampa yeye. Akaandika kwa mkono wake: "Mkwe wangu ana nidhamu. Aliwahi kuacha gari miezi sita kwa hiari yake." Akasaini. Alhamisi afisa wa upekuzi anakuja kumhoji, na mzee ameshapiga pasi shati. Nikinyamaza, anaidanganya serikali bila kujua. Nikisema, namvunja moyo na kazi naikosa. Nifanyeje? Aibu inanila.

Mtembea kwa Miguu

*

Mtembea kwa Miguu,

Pole. Pole nimeshakupa, sasa kaa vizuri nikuseme.

Wewe mtu wa masjala, miaka yote hiyo unapanga majalada, ukadhani lako litapotea kwa kuwa liko mji mwingine? Si ndiyo nyie mnaotuambia dirishani kwamba jalada halipotei, lipo tu mahali? Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Alhamisi.

Kosa la kuendesha umelewa, likiwa moja, la zamani, na mwenyewe amejirekebisha, wapekuzi wengi hulipima na wanaweza kulisamehe. Wanachokiogopa ni mtu anayeficha, maana mwenye aibu ya siri huburutwa na yeyote anayeijua. Pombe ilikuwa ya mchana mmoja. Ile HAPANA uliiandika ukiwa mzima, na kalamu umeishika mwenyewe.

Halafu nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu nisikione: hukusema kama bado unakunywa. Afisa atakuuliza. Kama jibu ni ndiyo, nenda hospitali uombe msaada kabla hujaomba kutunza siri za nchi.

Leo mwambie mke wako yote, na kicheko usikiache. Kesho andika barua ya kusahihisha fomu, ambatisha nakala ya hukumu, uipeleke kwa mkono wako mwenyewe, usimtume mtu. Kazi ukiikosa, utarudi kwenye meza yako ya zamani, na meza haimcheki mtu.

Lakini kabla ya barua kuna mzee. Usimkalishe sebuleni ukamsomea risala. Amka asubuhi, vaa viatu vyako, mwambie, "Baba, nisindikize." Mweleze kabla hamjafika njia panda. Ukimaliza, usijitetee. Na akigeuka kurudi nyumbani, rudi naye, polepole, kwa mwendo wa lile goti lake. Miezi sita amekusindikiza yeye; kesho ni zamu yako.