Nilichomwambia Afande Neema

Jumatatu, 4 Machi
Zamu yangu kuchota maji. Tena! Halafu Hesabu vipindi viwili, sijaambulia kitu. Baada ya chai kaja Afande Neema, polisi anayetufundisha mambo ya dawa za kulevya. Leo kaleta bangi kidogo kwenye kimfuko cha nailoni, tunuse, tukikutana nayo tuijue. Wenzangu wakakunja pua na kucheka. Mimi nikanusa tena. Harufu ile naijua. Ni ya koti la kaka Masanja akitoka duarani, kule shimoni wanakochimba dhahabu. Siku zote nilidhani ni baruti. Mjinga kweli mimi.

Jumanne, 5 Machi
Kaka alienda kunyoa, nikapekua vitu vyake. Bangi imo ndani ya buti la kushoto, kule mbele kwenye vidole. Kaifunga kwa karatasi ya daftari langu la Kemia! Hasira. Halafu hofu. Mle shimoni ukizubaa kidogo tu umekufa. Tangu Baba afariki, Mama kabaki na sisi wawili.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia Afande. Nilimsubiri nje ya ofisi ya walimu, nikamwamkia. Nikaeleza yote, mpaka buti. Nilitaka aje aongee naye, amtishe kidogo, aache. Basi. Akanishika bega: "Mimi ni dada yako. Hii inabaki kwetu wawili."
Nimerudi mwepesi. Nimekula michembe, viazi vyetu vikavu, mpaka Mama kashangaa.

Jumamosi, 9 Machi
Wamemchukua.
Asubuhi, nafagia uwanja. Polisi wawili wanaume, na yeye. Kitanda hawakugusa. Sanduku hawakufungua. Moja kwa moja kwenye buti la kushoto. Mama kapiga magoti, kaomba kwa Kisukuma, kaomba kwa Kiswahili. Afande Neema hakunitazama hata mara moja. Eti dada yangu. Mwongo mkubwa! Namchukia. Na mimi najichukia.

Jumatatu, 11 Machi
Sijaenda shule. Mama kaamua ni jirani yetu, Mama Shija, ndiye aliyepeleka maneno polisi. Kakataa salamu yake mbele za watu. Yule mama wa watu kabaki kaduwaa na ndoo kichwani. Ningesema. Sikusema. Mwoga.

Jumatano, 13 Machi
Nimempelekea kaka ugali kituoni. Afande Neema alikuwa kaunta. Kaninong'oneza hongera, eti nimemwokoa. Nikampita na ugali wangu.
Kaka kakonda. Kaniona, kacheka. Kaniambia nisiache shule kwa ajili yake, nimwangalie Mama. Halafu kasogea kwenye nondo.
"Kabula, nakuamini wewe tu. Nitafutie aliyenichoma kwa polisi."
Nikasema sawa, kaka. Nikamsubiri amalize kula. Nikachukua vyombo, nikarudi nyumbani kwa miguu.