Mvuto mmoja wa Jasson

Nusra, Jasson kaja Kihanga kumposa dada Tukahirwa. Kachomoa ufunguo, gari lake kuukuu la dizeli linanguruma tu. Kachomoa ufunguo!

Baba hata shikamoo hakuisikia. "Umekuja kuposa au unapita?"

Jasson akampigia fundi wake simu, akaambiwa: mpira unaovuta hewa ili injini izime umepasuka, akate palipopasuka, avute kwa mdomo.

Na ndiye huyu aliyeandika kwenye barua ya posa kwamba hajawahi kuonja rubisi, pombe yetu ya ndizi!

Kainama. Mvuto mmoja mrefu, bila kupumua, kama mtu mwenye mrija kibuyuni. Mmoja, Nusra! Injini kimya.

Baba akamsogezea kibuyu chake. "Kaa unywe, mwanangu. Mdomo huo haukujifunzia kwenye gari."

Posa imepokelewa. Barua ndiyo imerudishwa.