Reli ya Mama na Mkeka wa Vitumbua

S.L.P. 31,
Kibiti.
16 Februari 2025.

Mpendwa dada Hafsa,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Bukoba? Shemeji Yassin na watoto je? Mvua za huko hazijakuchosha? Sisi tu wazima, alhamdulillah. Mguu wa Mama nao umepona. Anatembea na kutugombeza kama kawaida yake.

Uliandika kwamba, baada ya kuanguka kwenye ngazi za dikoni, pale mitumbwi inapofungwa, Mama ahame Salale aje kwangu. Nilipomsomea hakutaka hata kusikia. Nikamwahidi nitamchomelea reli ya kushikia. Ikishika, abaki kwake.

Unajua mimi ni mwalimu, kuchomelea ni mapenzi tu. Nilipakia mtumbwini jenereta, mashine yangu ya waya na mtungi wa gesi. Hapa Kibiti, ndani ya banda, gesi hufunika moto na mshono hutoka laini, najisifu mwenyewe. Kule dikoni upepo uliipeperusha gesi yote. Mshono ukatoka na vitundu kama mkate wa kumimina. Niliivuta reli mara moja tu, ikabaki mkononi.

Mama alicheka. "Na mkeka mmeusahau?"

Dada, machozi yalinilenga. Wakumbuka tulivyomkingia upepo kwa mkeka akipika vitumbua palepale, wewe upande huu, mimi ule, tukigombania cha kwanza kuiva?

Nikatia waya mwingine, ule wenye unga ndani. Huo ukiungua hutoa moshi wake wa kujikinga, hauombi gesi. Una cheche nyingi na magamba ya kubandua kwa nyundo, na mshono wake haupendezi. Lakini umeshika. Nimening'inia kwenye reli mzima mzima, na kitambi hiki.

Nilimwambia Mama waya huu hauhitaji mkeka. Wapi! Aliulowesha maji usishike cheche, akageuza uso kama nilivyomwagiza, akashika upande uliokuwa wangu mpaka nikamaliza. Upande wako tuliufunga kwenye nguzo.

Jana alishuka ngazi peke yake kununua kamba wabichi. Anabaki Salale, dada. Usimhamishe tena kwa barua.

Mke wangu Habiba anakusalimu, na shangazi Tabu pia. Nibusie watoto. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake na atukutanishe tukiwa na afya.

Mama hakutuma salamu. Amesema tu kwamba mkeka haukunjwi mpaka uje.

Mdogo wako akupendaye,
Hemedy