Bwana Yangu Anajua Njia ya Kushuka Tu

Alhamisi, Ubwari. Jua kali tangu asubuhi, kisha saa sita upepo wa ziwa ukaamka na vumbi. Miguu inaniuma. Moyo pia unaniuma, lakini acha nianze na miguu.

Leo ni siku ya sita ya fungate yetu. Bantu ba Baraka banaita hapa kisiwa, sababu tunafika na boti, hata kama kule nyuma Ubwari inashikana na inchi kavu. Ni pazuri, sitadanganya. Maji iko safi mupaka unaona mawe chini, na visamaki vya rangi vinapita katikati ya vidole vya miguu. Tumepanda milima, tumeona nyani na batoto bao mugongoni, tumeoga kwenye maporomoko madogo kati ya miti. Muke mwingine angekuwa anashukuru Mungu tu.

Mi nilikuwa nachunguza bwana yangu.

Wenye kunijua banajua kazi yangu. Mi ni karani wa masomo, ni kusema shule, kule Fizi. Batoto banakuja na karatasi za masomo zingine, mi naangalia muhuri gani ni wa kweli na sahihi gani imeigwa. Jicho limezoea hiyo kazi, halijui kupumzika.

Alimasi, bwana yangu, ni fundi wa mashini za boti pale Baraka. Alipokuja kuniomba nyumbani, Papa alimuuliza kitu kimoja: kwenu ni wapi? Papa si mubaya, lakini kwa hiyo neno iko na kichwa kigumu. Tangu vita, bantu bengi bamerudi toka makambi ya ng'ambo, Tanzania, na Papa anasema mutoto wa kambi hana kwao, akikuharibia binti hutajua uende kulalamika kwa mulango gani. Alimasi alijibu bila kukwama. Amezaliwa Ubwari, amekulia Ubwari mupaka miaka kumi na mbili. Akaeleza nyumba yao juu ya mulima, miti miwili ya mawese yenye kuegemeana, jiwe kama ng'ombe amelala, kijito, halafu ziwa. Papa akafurahi, akapokea mahari. Hata mi nilipendea pale, kwenye ile hadithi. Fungate ilipofika, mi mwenyewe ndiye nilisema twende anionyeshe kwao.

Siku ya pili tuliingia njia ya mulima. Kwenye njia panda ya kwanza alisimama, akafumba macho kidogo, akasema kushoto. Tukaishia kwenye matope. Siku ya tatu akasema kuume, tukatokea ziwani tena. Siku ya ine ilikuwa miiba tu. Kila mara anacheka: pori imekua, miaka ni mingi. Sawa, pori inakua. Lakini mulima nao unahama?

Halafu maji. Mi naogelea, yeye anasimama maji ikimufika kiunoni, anajipangusa uso. Muntu amekulia Ubwari na anaogopa ziwa! Na bamama tukipishana nao njiani, anabasalimu shikamoo, kama bantu ba ng'ambo, wakati huku sisi tunasema jambo mama na inatosha.

Nikaanza kufikiria mabaya. Kwamba iko na muke mwingine mahali. Kwamba alikimbia jambo na hata hili jina Alimasi ni la muntu mwingine. Jana alipokuwa anaoga nilifungua mufuko wake. Naandika hapa sababu nina haya. Nilikuta sabuni, kaputula mbili, na buji ya mashini, ile ya kuwasha moto, amefunga kwenye kitambaa. Nilirudisha kila kitu vile nilikikuta, kisha nikakaa nikiona nimejishusha. Lakini mashaka haikupungua.

Leo nilikataa kumufuata. Nilimwambia njia nitachagua mi. Na kwa hasira tu, bila akili yoyote, kila akisema kushoto mi naenda kuume, akisema kuume mi naenda kushoto.

Tukafika.

Kwanza kijito. Kisha lile jiwe, na kweli ni ng'ombe amelala, hata shingo unaiona. Kisha mawese mawili, moja imemulalia mwenzake. Alimasi aligusa ile mawese, akaizunguka yote mbili, akairudia tena, na mi nikasema moyoni, huyu anaiona leo mara ya kwanza.

Juu kabisa hapakuwa nyumba. Palikuwa shamba ya muhogo, na mama mumoja anapalilia. Pembeni yake mawe ya musingi wa zamani bado yamepangika kwa mustari. Mama alinyoosha mugongo, jembe mukononi, akatuuliza kabla ya salamu:

"Munatafuta nani?"

Yale macho niliyajua. Ni kama yangu nikishika karatasi ya mutoto wa watu.

Nilingojea Alimasi aseme hapa ni kwetu. Safari yote ilikuwa juu ya hiyo neno. Akasema:

"Shikamoo mama. Hatutafute muntu. Huyu ni muke yangu, tumeoana juzi, tunatembea tu kuangalia milima."

Mama alitua jembe. Alicheka, akatuita batoto bangu, akang'oa mihogo ine, akafunga na kamba ya mugomba: ya bibi arusi, alisema. Alimasi aliipokea na mikono miwili. "Aksanti mama. Shamba yako ni muzuri."

Shamba yako! Mi nikasema, basi, nimemushika. Mwenye mahali hawezi kusema shamba yako. Nilianza hata kupanga maneno ya kumwambia Papa.

Halafu tukashuka.

Alitangulia, muhogo kwenye bega. Kwenye njia panda ya kwanza hakusimama. Kwenye ya pili pia. Aliongea kama muntu anasali, kabla kitu hakijaonekana: sasa tunaacha mawese kushoto, sasa kuna kibonde, shika muti, sasa jiwe, usipite mbele yake, pita nyuma. Na kibonde kilikuwapo. Na muti wa kushika ulikuwapo, umezeeka. Hakukosea hata mara moja. Muntu alipotea siku tatu kupanda, sasa anashuka kama amefungwa kwenye reli.

Pale kijitoni nilisimama. "Alimasi, juu ya nini njia hii unaijua kushuka tu?"

Alitua muhogo. Alikaa kwenye jiwe, miguu ndani ya maji. Kisha akasema yote, bila kuniangalia.

Amezaliwa kambini. Mama yake alikimbia na hii njia akiwa na mimba yake, bunduki zikilia juu, mupaka akafika ziwani na kuvuka. Kule kambini, kila jioni kabla ya kula, alimukalisha na kumukaririsha: toka mulango wa nyumba, mawese, kibonde, jiwe, kijito, ziwa. Akikosea, anaanza tena mulangoni. Ili siku bakirudi asije akaambiwa hana kwao. Mama yake alikufa kambini. Alimasi alivuka kuja Baraka peke yake, amekuwa kijana mukubwa, akajifunza mashini, na huku Ubwari hakuthubutu kukanyaga mupaka nilipomuleta.

"Alinifundisha kushuka," alisema. "Kupanda hakunifundisha, na ukipanda kushoto inageuka kuume. Sijue kama alisahau, ama alifikiri tutapanda pamoja."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia yule mama wa shamba kwamba pale ni kwao. Alisema, ningemwambia, leo angelala usingizi gani? Na mi ningefanya nini na shamba?

Nililia. Lakini niandike ukweli wote: nililia na bado nilikuwa na hasira. Alinidanganya miezi minane. Aliniacha nipende utoto wenye hakuuishi, na akamudanganya Papa ndani ya nyumba yake. Na huruma naijua, huruma inafunga macho. Huyu amezoea kukariri tangu utotoni. Nitajuaje kama na hii ya kambi hajaikariri?

Kwa hiyo nilimwambia anieleze kambi, kitu chenye mama yake hakumufundisha. Akakwama. Akaanza na bomba la maji, akasema lilikuwa karibu na kanisa, hapana, karibu na choo, kanisa lilijengwa kisha. Akasema rafiki yake aliitwa Seba, akasema hapana, Seba alikuja nyuma, wa kwanza jina limemutoka. Akasema mvua ikinyesha balikuwa banashikilia hema na mikono, na chakula kinapoa. Alirudi nyuma, akajisahihisha, akapotea tena. Karatasi za kuigwa mi nimeziona nyingi, na zote huwa safi. Hii ya leo ilikuwa imejaa kufutwa-futwa. Pale ndipo bega langu lilishuka kidogo. Kidogo tu.

Tumesikilizana hivi: kesho tunavuka kurudi Baraka, Jumamosi tunapanda Fizi, na yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, atamwambia Papa kila kitu. Nimesema nitakaa pembeni yake, si pembeni ya Papa. Aliniuliza, na Papa akirudisha mahari? Nikasema sijui. Akaniuliza, na wewe? Hiyo sikuijibu, sababu jibu lenye lilikuja kwanza lilikuwa la huruma, na nilitaka jibu lingine.

Sasa niko naandika, yeye iko anamenya mihogo pale nje, polepole, maganda hayakatiki.

Kanisani tulisimama wiki iliyopita, mi na muntu wa Ubwari mwenye hakuwahi kuwapo. Huyu wa kambi nimekutana naye leo kijitoni, saa kumi ya jioni. Kama nahesabu vizuri, nimeolewa hata masaa mawili hayajaisha, na bado namuangalia vile unamuangalia mugeni.